Chaguomsingi Katika Programu za Kompyuta: Jinsi Thamani Ambayo Hukuiandika Inavyoweza Kubadilisha Risiti Yako

Wakazi wengi wa Meru na Embu siku hizi hulipa ada ya soko, maegesho na leseni ya biashara kwa simu. Vyama vya ushirika hurekodi kilo za maziwa na majani chai kwa mashine, sacco huhesabu riba kwa kompyuta, na shule huweka kumbukumbu za karo kwenye programu. Nyuma ya kila risiti kuna maagizo yaliyoandikwa na mtu, mara nyingi kijana wa hapa hapa. Maagizo hayo yakiwa na kasoro, kasoro hiyo hurudiwa kila mara programu inapotumika, bila kuchoka na bila kushtuka.

Makala hii inaeleza sehemu moja ndogo ya maagizo hayo: thamani ambayo programu hutumia pale ambapo hakuna aliyeiambia itumie nini. Tumeiandika kwa ajili ya vijana wanaojifunza kuandika programu, kwa wenye maduka, makatibu wa vyama na wahasibu wa shule wanaonunua programu, na kwa mkazi wa kawaida anayetaka kujua kwa nini risiti yake inaonyesha kitu asichokitarajia.

CHAGUOMSINGI NI NINI?

Ukiweka simu yako kwa Kiswahili, utaliona neno "chaguomsingi" kwenye mipangilio. Maana yake ni lile chaguo ambalo hutumika mpaka mwenyewe achague lingine. Mlio wa simu mpya ni chaguomsingi. Ukiagiza chai mkahawani bila kusema lolote, ukaletewa ya maziwa, hiyo nayo ni chaguomsingi ya pale. Anayetaka ya rangi ni lazima aseme.

Katika kuandika programu, kazi hugawanywa katika vipande vidogo viitwavyo funksheni. Kila funksheni hufanya jambo moja: kukokotoa kodi, kuandika risiti, kuongeza jina kwenye orodha. Taarifa tunazoipa funksheni ili ifanye kazi huitwa hoja. Funksheni ya kuandika risiti inaweza kuhitaji hoja tatu: jina la mlipaji, kiasi na tarehe.

Mwandishi wa programu anaweza kusema hivi: "Tarehe isipotolewa, tumia ya leo." Hapo ameipa hoja ya tarehe chaguomsingi. Ni jambo zuri kwa sababu linapunguza kazi ya karani na kufanya programu iwe fupi. Lakini kuna mitego minne ambayo hurudi mara kwa mara. Tutaieleza mmoja baada ya mwingine kwa kutumia lugha ya Python, ambayo ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1991 na Guido van Rossum wa Uholanzi na ambayo leo hutumika sana kuwafunza wanaoanza. Mifano ya masoko na vituo iliyo hapa ni ya kufundishia tu, haielezi programu ya ofisi yoyote.

MTEGO WA KWANZA: DAFTARI MOJA LA WATU WOTE

Tuchukue kituo cha kununulia majani chai. Karani anapima, na programu inaandika kilo za mkulima kwenye daftari lake. Mkulima akija mara ya kwanza hana daftari, kwa hiyo mwandishi wa programu ameweka daftari tupu kuwa chaguomsingi. Katika Python, mabano mraba yasiyo na kitu ndani, [], humaanisha orodha tupu:

    def ongeza_kilo(kilo, daftari=[]):
        daftari.append(kilo)
        return daftari

Mstari wa kwanza unaipa funksheni jina na hoja zake. Wa pili unaongeza kilo kwenye daftari. Wa tatu unarudisha daftari kwa aliyeliomba. Ukiusoma haraka, huoni tatizo. Sasa waje wakulima watatu, wote wapya:

    wa_kwanza = ongeza_kilo(12)
    wa_pili = ongeza_kilo(15)
    wa_tatu = ongeza_kilo(8)

Tungetarajia wa kwanza awe na kilo 12, wa pili 15 na wa tatu 8. Jumla ya kituo ni kilo 35. Lakini ukifungua daftari la yeyote kati yao jioni, utakuta [12, 15, 8]. Kila mmoja anaonekana ameleta kilo 35. Ukijumlisha madaftari matatu unapata kilo 105, mara tatu ya majani yaliyopandishwa kwenye lori.

Sababu ni hii. Python husoma mstari wa "def" mara moja tu, wakati programu inapowashwa. Papo hapo hutengeneza lile daftari tupu na kuliambatisha kwenye funksheni. Haitengenezi jingine kila mkulima anapokuja. Ni kama karani aliyeambiwa, "Asiye na daftari mwandikie kwenye lile la mezani," naye akawa na daftari moja tu mezani. Mkulima wa kwanza akiandikiwa humo, kurasa hazifutiki. Wa pili anaandikiwa chini yake, na wa tatu chini ya huyo.

Python haijaharibika inapofanya hivyo. Imeundwa kufanya hivyo, na mwongozo wake rasmi unatoa onyo kuhusu jambo hili. Lugha nyingine hufuata njia tofauti: JavaScript, iliyopata chaguomsingi za hoja katika toleo la mwaka 2015, hutengeneza thamani upya kila funksheni inapoitwa, na Kotlin hufanya vivyo hivyo. Ndiyo maana kijana aliyezoea lugha moja hujikwaa anapohamia nyingine.

Dawa yake ni rahisi. Badala ya kuweka daftari lenyewe kuwa chaguomsingi, weka alama ya kusema "sikupewa daftari", kisha utengeneze jipya ndani ya funksheni. Alama hiyo katika Python ni neno None, yaani hakuna kitu:

    def ongeza_kilo(kilo, daftari=None):
        if daftari is None:
            daftari = []
        daftari.append(kilo)
        return daftari

Sasa kila mkulima asiye na daftari anafunguliwa lake. Kanuni ya kukumbuka: namba, maneno, na ndiyo au hapana ni salama kuwa chaguomsingi kwa sababu hazibadiliki zikishawekwa. Orodha, kamusi, na kitu chochote kinachoweza kuongezwa au kupunguzwa si salama.

Ukiona mfano wa majani chai ni mdogo, weka orodha ya waombaji wa basari mahali pa daftari. Programu inayotayarisha orodha ya kila wadi kwa njia ya kwanza ingechanganya majina ya Mikinduri na ya Timau, au ya Kirimari na ya Mavuria, na kila orodha iliyofuata ingekuwa ndefu kuliko iliyotangulia. Mwanafunzi angehesabiwa mara mbili, na mwingine akose nafasi kwa sababu fedha za wadi yake zinaonekana zimekwisha.

MTEGO WA PILI: TAREHE ILIYOKWAMA

Mtego huu unatokana na sababu ile ile, lakini unajificha zaidi. Mwandishi anataka risiti iwe na tarehe ya leo, basi anaandika:

    def toa_risiti(jina, kiasi, tarehe=date.today()):

Maneno "date.today()" huiuliza kompyuta leo ni tarehe gani. Swali hilo linaulizwa mara moja tu, programu inapowashwa. Mwandishi akijaribu programu yake mezani, huiwasha na kuizima mara nyingi kwa siku, kwa hiyo haoni kasoro yoyote. Programu ikishapelekwa kwenye kompyuta inayofanya kazi usiku na mchana, inaweza kukaa wiki tatu bila kuzimwa. Imewashwa Jumatatu, na risiti ya Ijumaa bado inasema Jumatatu.

Sasa fikiria mama anayeuza nyanya Gakoromone, Nkubu, Runyenjes au Ishiara. Amelipa ada ya siku asubuhi na amepewa risiti. Saa sita mchana askari wa kaunti anapita, anasoma tarehe, anaona ni ya siku tatu zilizopita. Anamwambia alipe tena. Mama ana haki, na askari naye anafuata karatasi aliyoonyeshwa. Kosa limeandikwa na mtu ambaye hayuko sokoni.

Dawa ni ile ile: weka None kuwa chaguomsingi, kisha uulize tarehe ndani ya funksheni, wakati risiti inapotolewa. Kwa risiti za malipo ni bora zaidi kutomwachia karani nafasi ya kutaja tarehe. Saa ya mfumo itumike kila mara, nayo ilinganishwe na saa ya ujumbe wa malipo uliofika kwenye simu.

MTEGO WA TATU: SIFURI SI KUTOKUWEPO

Waandishi wengi hutumia njia ya mkato kujaza pengo:

    ada = ada or 50

Maana waliyokusudia ni: "Ada ikiwa haikutajwa, iwe shilingi 50." Lakini Python, sawa na JavaScript, huichukulia namba 0 kuwa "hapana". Kwa hiyo karani akiandika 0 kwa makusudi, kwa mfano kwa mchuuzi aliyesamehewa ada, programu inaona hapana, inaruka, na kuandika 50. Msamaha umefutwa na mashine, na karani hana habari.

Kusema "ada ni sifuri" ni jibu. Kutosema lolote ni ukosefu wa jibu. Programu salama hutofautisha mambo hayo mawili. Ndiyo maana katika mfano wa majani chai tuliandika "if daftari is None" badala ya njia ya mkato "if not daftari". Njia hiyo ya mkato ingelitupa hata daftari jipya alilokuja nalo mkulima mwenyewe, kwa sababu tu bado halijaandikwa kitu, na kilo zake zingeandikwa kwenye daftari lingine asilolijua. Kwa wanaotumia JavaScript, toleo la mwaka 2020 lilileta alama ya ?? ambayo hujaza pengo pale tu ambapo kweli hakuna thamani, na huiacha sifuri ilivyo.

MTEGO WA NNE: KIWANGO KILICHOPITWA NA WAKATI

Huu unawagusa wafanyabiashara moja kwa moja, na Wakenya tunao mfano wa wazi. Tarehe 1 Aprili 2020, wakati wa janga la korona, serikali ya kitaifa ilipunguza kodi ya ongezeko la thamani, VAT, kutoka asilimia 16 hadi asilimia 14. Tarehe 1 Januari 2021 ilirudi kuwa asilimia 16. Kati ya tarehe hizo mbili zilipita siku 275.

Programu nyingi za dukani huandikwa hivi:

    def bei_ya_mwisho(bei, kodi=0.16):
        return bei + bei * kodi

Bidhaa ya shilingi 1,000 kabla ya kodi ilipaswa kuuzwa shilingi 1,140 katika kipindi hicho. Programu ambayo haikuguswa ingeendelea kudai 1,160. Ni shilingi 20 tu, lakini duka linalouza bidhaa 50 za aina hiyo kwa siku lingewatoza wateja shilingi 1,000 zaidi kila siku. Kwa siku 275 ni shilingi 275,000 ambazo zingetoka mifukoni mwa wateja bila sheria kuziruhusu.

Mwingine angesema, basi ibadilishwe 0.16 iwe 0.14, tumemaliza. Hapana. Mteja aliyenunua bidhaa mwezi Machi 2020 na kuirudisha Mei alilipa kodi ya asilimia 16, na anapaswa kurudishiwa kwa kiwango hicho. Programu iliyobadilishwa namba moja tu ingemrudishia pungufu. Kiwango cha kodi hakisimami peke yake. Kinaenda na tarehe.

Njia salama ni kuweka viwango kwenye jedwali, kila kimoja na tarehe kinapoanza kutumika, kisha kuifanya funksheni idai tarehe ya mauzo bila chaguomsingi yoyote. Ikikosa kiwango cha tarehe hiyo, isimame na kusema haina. Isikisie.

Jambo hili lina uzito wa kisheria. Ibara ya 210 ya Katiba inasema kodi au ada ya leseni haiwezi kutozwa, kusamehewa wala kubadilishwa ila kwa mujibu wa sheria. Kwa ada za kaunti, sheria hiyo hupitishwa na bunge la kaunti, na mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni. Namba iliyosahaulika ndani ya programu si sheria. Ikitofautiana na sheria, inayofuatwa ni sheria, na aliyetozwa zaidi ana haki ya kuuliza.

KIMYA SI RIDHAA

Chaguomsingi pia hugusa taarifa za watu. Tuseme programu ya kusajili wanachama wa sacco imeandikwa hivi:

    def sajili(jina, simu, kushiriki_taarifa=True):

Neno True ni "ndiyo". Kila mwanachama ambaye karani hakumuuliza anahesabiwa kuwa amekubali namba yake ipewe wengine. Baada ya wiki mbili anaanza kupokea matangazo ya mikopo asiyoyajua yalikotoka.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 hailiruhusu hilo. Inasema ridhaa ni lazima iwe ya wazi, ya hiari, ya jambo mahususi, na itolewe kwa kauli au kwa tendo linaloonekana. Kisanduku kilichowekwa alama ya vema kabla hujafika si tendo lako. Kifungu cha 41 cha sheria hiyo kinaenda mbali zaidi: kinawataka wanaoshughulikia taarifa za watu wahakikishe kwamba ulinzi umejengwa ndani ya mfumo tangu mwanzo, na kwamba kwa chaguomsingi zinatumika tu taarifa zinazohitajika kwa kazi husika. Kwa mwandishi wa programu, tafsiri yake ni fupi: pale ambapo mtu hajasema lolote, thamani iwe False, yaani "hapana".

Tahadhari hiyo hiyo inahusu nywila zinazokuja na vifaa kutoka kiwandani. Mwaka 2016 programu hasidi iliyoitwa Mirai iliteka kamera na vifaa vya intaneti katika nchi nyingi kwa kujaribu tu nywila za kiwandani ambazo wenyewe hawakuzibadilisha. Uingereza ilianza kutekeleza sheria ya kupiga marufuku nywila dhaifu za chaguomsingi tarehe 29 Aprili 2024. Mwenye duka aliyefunga kamera ya ulinzi Maua au Siakago asisubiri sheria. Abadilishe nywila siku ile ile fundi anapomaliza kazi.

KANUNI KWA VIJANA WANAOANDIKA PROGRAMU

Mwaka 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala nchini, KICD, iliidhinisha mtaala wa kufundisha kuandika programu katika shule za msingi na za upili. Pamoja na wanaosoma katika Chuo Kikuu cha Embu na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, tunatarajia kuwa na vijana wengi zaidi wanaoandika programu za majirani zao. Mambo yafuatayo yawasaidie:

1. Usiweke orodha, kamusi au kitu kinachobadilika kuwa chaguomsingi katika Python. Weka None, kisha tengeneza kipya ndani ya funksheni.

2. Usiiulize kompyuta saa au tarehe kwenye mstari wa "def". Uliza ndani.

3. Pima ukosefu wa thamani kwa "is None". Usiihesabu sifuri, neno tupu au orodha tupu kuwa ukosefu.

4. Kitu kinachotoka kwenye sheria, kama kodi, ada au riba, kisiwe chaguomsingi ndani ya funksheni. Kiwekwe kwenye jedwali lenye tarehe, mahali ambapo mhasibu asiyejua programu anaweza kukisoma na kukikagua.

5. Chaguomsingi iwe ile yenye madhara madogo zaidi endapo mtu atasahau. Funksheni ya kufuta rekodi isiwe na chaguomsingi ya "zote". Ambaye hakutaja wadi asifute kaunti nzima.

6. Hoja ambayo ikikosewa fedha zinapotea iwe ya lazima. Programu kusimama na kudai jibu ni usumbufu mdogo kuliko kuendelea na jibu la kubuni.

7. Ukiongeza hoja mpya kwenye funksheni inayotumika tayari, iongeze mwishoni, na wanaoiita wataje hoja kwa majina yake. Ukiiingiza katikati, kiasi kinaweza kusomwa kama namba ya akaunti.

8. Jaribu kila funksheni angalau mara mbili mfululizo bila kuizima programu. Mtego wa daftari na wa tarehe hauonekani mara ya kwanza kamwe. Programu za ukaguzi kama Pylint na Ruff hutambua orodha iliyowekwa kuwa chaguomsingi na kutoa onyo. Hazina malipo.

MASWALI YA KUMUULIZA ANAYEKUUZIA PROGRAMU

Huhitaji kujua Python ili uuze dawa au uongoze chama. Kabla ya kulipa, uliza maswali haya na umtake muuzaji akuonyeshe majibu kwenye skrini:

Karani akiacha nafasi hii wazi, programu itaandika nini? Mwambie aiache wazi mbele yako, nafasi moja baada ya nyingine.

Nikiandika sifuri, itabaki sifuri? Jaribu punguzo la sifuri, ada ya sifuri na deni la sifuri.

Kodi ikibadilika kesho, nani atabadilisha, na risiti za jana zitabaki vilivyokuwa?

Nikiwaandika wateja wawili wapya mmoja baada ya mwingine, rekodi ya wa pili itakuwa na kitu cha wa kwanza? Waandike, kisha ufungue rekodi zote mbili.

Programu ikiachwa wazi usiku kucha, risiti ya asubuhi itakuwa na tarehe gani? Omba iachwe dukani kwako siku mbili za majaribio.

Muuzaji mwenye kazi nzuri hatakasirika. Majaribio haya yote, ukiondoa lile la usiku, hayazidi nusu saa.

UKIKUTA RISITI AU REKODI YENYE KASORO

Kwanza, usiitupe risiti. Ihifadhi pamoja na ujumbe wa malipo kwenye simu yako, kwa sababu ujumbe huo una saa yake iliyoandikwa na mfumo mwingine, nao ni ushahidi wako tarehe zinapotofautiana.

Pili, wasilisha malalamiko katika ofisi ya mapato ya kaunti au kwa msimamizi wa soko au wadi, ukitaja tarehe, saa, kiasi na namba ya risiti. Ikiwa kasoro ni ya sacco, chama au duka, anza na ofisi yao. Waulize kama wengine wamepata tatizo kama lako. Kasoro ya aina hii haimpati mtu mmoja. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,545,714 Meru na 608,599 Embu, na programu moja inayotumika kila siku inaweza kuwafikia sehemu kubwa ya hao kabla mtu wa kwanza hajalalamika. Malalamiko yako yanaweza kuwaokoa wengine.

Tatu, kama taarifa zako zimetumika bila ridhaa yako, una haki ya kulalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Kama ofisi ya umma imekataa kushughulikia shida yako au kukupa taarifa unayostahili chini ya Sheria ya Upataji wa Habari ya mwaka 2016, unaweza kupeleka suala lako kwa Tume ya Haki ya Utawala, maarufu kama ofisi ya Ombudsman.

Karani akikwambia "kompyuta ndiyo imesema", mwulize kwa heshima: kompyuta iliambiwa hivyo na nani, na iliambiwa lini? Mahali fulani ndani ya programu kuna mstari wenye jibu la swali hilo, na mwenye kuuandika anaweza kuurekebisha.